Garderobe ya Kwenda Pweto

«Kintu yenye inatoka mu mikono yangu inafikaka,» alisema papa Vital, akipiga kiganja kwenye mlango wa garderobe, kabati lake la nguo, kama mtu anayesifia ng'ombe wake mbele ya mnunuzi. «Hata ku Pweto, hata ku mwezi, inafikaka nzima. Miye ni mutoto wa cheminot, muntu wa treni. Mambo ya kutuma mizigo nilinyonya mu maziwa.»

Alisema hivyo siku ya Jumanne, mbele ya majirani sita na mbuzi wa mama Hortense. Mbuzi peke yake ndiye aliyekuwa na akili ya kuondoka. Sisi wengine tulipiga makofi, maana garderobe ilikuwa nzuri kweli: milango mitatu, kioo katikati, mbao za mulombwa zilizopigwa varnish hadi unajiona ndevu. Katika Naviundu yetu, pembeni mwa Lubumbashi, mahali ambapo watu wengi hutundika nguo kwenye msumari, kitu kile kilionekana kama gavana amekuja kutembea.

Mwenye kukinunua alikuwa mama Olive, mchuuzi wa samaki wakavu wa Pweto. Hakuwahi kukanyaga uwanja wa papa Vital. Aliona picha kwenye ukurasa ambao Plamedie, binti wa Vital, alikuwa amefungua kwenye telefone. Binti yake mama Olive alikuwa anaolewa, na bibi harusi wa Pweto haendi kwa mumewe na masanduku ya karatasi. Bei dola mia mbili na themanini. Nusu ilifika kwa telefone, ikaliwa na mbao, gundi na kioo. Nusu nyingine ingetoka siku garderobe itakapoingia mlangoni mwa mama Olive.

Na nusu hiyo ya pili ilikuwa na jina tayari. Plamedie alikuwa darasa la mwisho. Prefe wa shule alikuwa amesoma orodha mbele ya wanafunzi wote: asiyelipa frais, yaani ada, ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza shule, kabla ya Jumatatu ya tarehe kumi na saba, jina lake linafutwa, arudi mwaka ujao kama Mungu akipenda. Alisoma jina la Plamedie mara mbili. Mara ya pili alivua miwani, ili aone vizuri nani anayeona haya.

*

Chini ya kila picha Plamedie alikuwa ameandika: «Tunafikisha mizigo kila mahali.» Ni rahisi kuandika. Sasa ilibaki kufikisha.

Siku mbili nzima msichana alizunguka mji kwa miguu, akiuliza bei. Jioni alirudi na vumbi hadi kwenye kope, akakaa karibu na mama yake Domitille aliyekuwa anasonga bukari.

«Bon, elezea,» alisema Vital.

«Ile ajansi kubwa ya mizigo ya mu ville, yenye iko na mizani na klimatizeri, banaomba dola mia moja makumi tano.»

«Dola ngapi?»

«Mia moja makumi tano, papa. Balipima na metre. Garderobe haina nzito, lakini banasema inakamata nafasi mingi. Banalipisha nafasi.»

«Donc banalipisha hewa!» Vital aliruka. «Hewa yenye iko ndani ya garderobe yangu! Hiyo hewa ni ya kwao?»

«Ba bisi nabo balicheka tu. Eti niiweke hapo yulu, mvua iioshe.»

Domitille aliinua mwiko. «Na kuna namna ingine?»

«Kuna namna,» alisema Plamedie, na sauti yake ikapungua, maana alimjua baba yake. «Tuifungue. Mbao zilale moja-moja, tuzifunge na kamba. Ikiwa vile, ajansi anahesabia kilo tu. Dola makumi sita. Kule Pweto fundi yeyote anazungusha ba vis, inasimama tena.»

Vital alimtazama binti yake kama vile alikuwa ameomba wamkatekate nyanya yake ili aingie kwenye bisi.

«Niifungue? Ni kuku? Nilipiga tenon, nilitia gundi, hakuna hata vis moja mule. Garderobe ya vis ni ya bantu bale wanauza bintu ya kuvunjika mbele ya mwaka kuisha. Papa yangu alitumika ku chemin de fer miaka makumi tatu, alitumaka mashini mizima mpaka Kalemie. Weye unanifundisha kutuma mbao?»

«Papa yako alikuwa na treni,» alisema Domitille, bila kugeuka. «Treni yako iko wapi?»

Hapo papa Vital alivuta sahani ya bukari, akala. Lakini kichwa hakikuinama, na hilo ndilo lililomponza. Kiburi cha fundi ni ghali kuliko mbao zake. Alikataa dola sitini kwa sababu ya tenon, ulimi wa mbao uliogandishwa ndani ya tundu lake, akakataa mia na hamsini kwa sababu ya hewa, akabaki anatafuta bei ambayo ingemwachia kiburi na mfuko vyote viwili.

Bei hiyo ilikuwepo. Ilikuwa mwaka ule Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili. Kamio zilizozoea kupanda kuelekea Kivu zilibaki Lubumbashi, zimepangwa mistari kama watu wanaongojea mkate. Shofere walikuwa wanalala chini ya injini. Wenye kamio walikuwa wanapigania barabara moja iliyobaki na faida kidogo, ya Pweto, na bei zilishuka hadi mtu mwenye akili angeogopa. Papa Vital hakuogopa. Komisionere mmoja wa parkingi, dalali wa mizigo, ambaye jina lake halina kazi hapa, alimshika mkono na kumwambia: «Papa, kuna patron moja wa Butembo, mukristu wa kweli. Dola makumi ine na tano, mulango ku mulango.» Papa Vital akamfuata kama mwana-kondoo, akampa komisionere huyo dola tano kwa wema wake.

*

Biro ya patron Muhindo ilikuwa kontena la rangi ya buluu lenye maandishi: MUNGU ANAONA TRANSPORT. Mwenyewe alikaa ndani na telefone mbili mezani. Alikuwa na ndugu Goma ambaye hakuwa amempata tangu wiki tatu, na duka la jumla ambalo hakujua nani analala ndani yake sasa. Kila baada ya sentensi aliangalia telefone. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema, maana mtu mbaya angekuwa rahisi zaidi.

«Mzee, uweke sahihi hapa. Na hapa. Ufunguo utamuachia shofere.»

«Ufunguo ya nini?» aliuliza Domitille.

Kila mtu wa Lubumbashi anajua jibu. Kitu chenye kufungwa hakipiti bariere. Askari akiona kufuli bila ufunguo, hatafuti ufunguo, anatafuta nyundo. Na mwaka ule bariere zilikuwa zimezaana kama panya, kila moja ikitafuta silaha kwenye magunia ya unga. Kwa hiyo desturi ni kumpa shofere ufunguo, afungue, afunge, asalimie, apite.

«Unamupatia ufunguo muntu hujue hata jina yake?» Domitille alimnong'oneza mumewe, lakini kwa mnong'ono wake hata shofere nje aligeuka.

«Ni garderobe, mama, hapana nyumba.»

«Kintu yenye mulango ni nyumba. Muntu ataingia.»

«Ataingia kufanya nini? Kulala?»

Wanaume waliokuwa ndani walicheka. Vital alicheka nao, akafurahi kuwa amewachekesha, akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka kwenye kiganja cha shofere. Halafu akaweka sahihi mahali pawili bila kusoma. Pa kwanza palisema yaliyomo ndani ya mzigo ni ya mwenye mzigo. Pa pili palisema uzito ukizidi, mwenye mzigo atalipa.

Aliisimamia garderobe ikipandishwa. Alitandika blanketi yake mwenyewe kwenye kioo. Alihesabu kamba. Kamio ilikuwa iondoke saa nane, na saa nane ilipita, na saa kumi, na njaa ikamshinda. Akaenda kwake.

Kamio iliondoka alfajiri ya siku iliyofuata. Kati ya njaa ya Vital na alfajiri, mfanyabiashara mmoja alimjia shofere na simenti yake, akitafuta bei ya chini kuliko ile ya biro. Kamio ilikuwa imejaa hadi juu. Mahali pamoja tu palikuwa tupu, na shofere alikuwa na ufunguo wake. Waliita mbebaji. Mifuko sita ya simenti, kilo hamsini kila mmoja, iliingia ndani ya garderobe ya bibi harusi, mitatu chini, miwili juu yake, mmoja umesimama kama mgeni aliyekosa kiti. Mlango wa mulombwa ukafungwa vizuri. Ufunguo ukarudi mfukoni.

*

Kisha mvua.

Siku ya pili kamio ilinasa. Siku ya tatu ilikuwa bado imenasa, na mama Olive alianza kutuma sauti kwenye telefone ya Plamedie. Ya kwanza ilikuwa ya heshima: «Binti yangu, mulisema siku tatu.» Ya tano haikuwa na «binti yangu» tena. Domitille alizisikiliza zote amesimama, mikono nyuma, kama mtu anayehojiwa.

Vital alikwenda kontena mara nne. Mara ya kwanza walimpa kiti. Mara ya pili walimwambia angojee, na mara ya tatu walimwambia angojee nje, kwenye jua, karibu na mwanamke aliyekuwa anatafuta magunia yake ya mahindi tangu Pasaka iliyopita, au ndivyo alivyosema. Mara ya nne shofere mwingine alimwona anakuja akapaza sauti: «Huyo papa wa garderobe! Papa, inafikaka!» Maneno yake yalikuwa yamefika parkingi kabla ya mzigo wake kufika Pweto.

Ijumaa, kesho yake ikiwa harusi, telefone ililia. Safari hii ilikuwa picha, kisha sauti.

Plamedie alitazama picha muda mrefu. Garderobe ilikuwa imesimama mbele ya nyumba ya mama Olive, milango imefunguka kwa sababu haingeweza tena kufungika. Maji yalikuwa yameingia. Simenti ilikuwa imekunywa, ikavimba, ikakamata. Ndani hapakuwa na mifuko tena, palikuwa na jiwe. Jiwe lilikuwa limekula sakafu ya garderobe, limepasua ubavu, na kioo cha katikati kilikuwa na ufa kuanzia juu hadi chini. Kipande cha karatasi ya mfuko kilitoka mdomoni mwa jiwe kama ulimi.

Sauti ya mama Olive ilisema: «Mama Domitille, mulinitumia garderobe ao kaburi? Banaume munane balishindwa kuisogeza. Wageni banakuja kuangalia, banacheka, banasema bwana-harusi atalaza mutoto wangu ndani. Na ile ajansi yenu inaniomba makuta! Eti kilo zilizidi, mia tatu. Miye nilipe uzito ya simenti yenye sikununua? Murudishe franka yangu. Yote. Kama hapana, picha hii itaenda kwa ukurasa yenu, na kwa ya bengine.»

Vital alikaa chini taratibu. Hakusema kitu kuhusu mwezi.

«Simenti?» alisema mwishowe. «Miye? Nyumba yangu mwenyewe ni ya udongo.»

*

Jumamosi asubuhi wote watatu walikwenda kontena. Domitille alivaa pagne yake ya kanisani, maana alisema mtu akivaa vizuri hawamwachi kwenye jua. Waliwaacha kwenye jua saa nzima.

Muhindo alikuwa na karatasi mezani tayari.

«Mzee, mimi sina ugomvi na wewe. Shofere anasema ku telefone ulimukabidhi garderobe imefungwa, simenti ikiwa ndani. Sahihi iko hapa: yaliyomo ni ya mwenye mzigo. Na hapa: uzito ukizidi, analipa mwenye mzigo. Inabaki dola makumi sita.»

«Dola makumi sita ya nini?» Domitille alisogea hadi tumbo lake likagusa meza. «Shofere yako alivunja kintu ya bantu na simenti ya bantu, na miye njo nilipie nzito ya ule mzigo? Ukinipiga mateke, nitakulipia kiatu pia?»

«Mama, taratibu. Kuna bantu.»

«Bacha basikie! Na yule muntu wa simenti iko wapi?»

«Hakuna muntu alikuja kuulizia simenti,» alisema Muhindo. Na ni kweli. Mfanyabiashara yule aliposikia imegeuka jiwe alikuwa ametoweka, maana angeulizwa alilipia wapi.

Ndipo Vital alipofanya jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona. Alivua kofia. «Patron,» alisema, «mutoto huyu iko na Exetat. Jumatatu. Kama haiwezekani yote, unilipe tu bei ya mbao.»

Muhindo aliangalia telefone yake. Hakuna aliyekuwa amempigia. Kwa muda uso wake ulionekana kama wa mtu anayetaka kusema ndiyo, na hapo ndipo hasira inapoanza kunipanda kila nikisimulia, maana mtu huyo alijua. Alijua shofere wake kama unavyojua kuku wako. Lakini alikuwa amepoteza duka Goma, na mtu aliyepoteza kikubwa hujifunza haraka sana kutopoteza kidogo.

«Mzee, unipatie muntu moja,» alisema. «Moja tu, mwenye aliona shofere akiingiza simenti. Aje hapa aseme, shofere akisikia ku telefone. Nitakulipa garderobe nzima, na nitakata ku mushahara wake. Bila muntu, ni maneno yako na maneno yake, na sahihi ni yako.»

«Parkingi ilikuwa na bantu mia,» alisema Plamedie.

«Njo vile. Bantu mia. Unipatie moja.»

Walizunguka parkingi yote. Wabebaji walikuwa wanatazama viatu vyao. Wauza maji walikuwa na haraka. Kila mtu alikuwa amesafiri siku hiyo, au alikuwa mgonjwa, au alikuwa amelala. Wengine walisikiliza hadi mwisho, wakatikisa kichwa kwa huruma, kisha wakauliza kama ni kweli wanaume wanane walishindwa kulisogeza jiwe. Hakuna aliyetaka kumchokoza shofere, kwa sababu shofere ndiye anayechagua kesho nani abebe. Hivyo ndivyo maskini anavyomlinda mwizi wake: kwa sahani ya bukari ya kesho.

*

Hapo ndipo nilipofika katika kusimulia, adhuhuri ya Jumamosi hiyohiyo, kwenye benchi la dada yangu mkubwa Mado, anayekaanga mikate karibu na parkingi. Nilikuwa nimesimama, mkate mkononi, nimepata moto. Watu saba walikuwa wananisikiliza. Plamedie mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, amechoka kuzunguka, na Mado alikuwa amempa chai bila kumwomba kitu.

«Waoga!» nilisema. «Bantu mia, na hakuna hata moja mwenye kifua! Ningekuwa hapo, hiyo jioni, mi naapa, ningemukamata shofere na shingo! Inchi hii inakufa juu ya bantu banaona na banakula kimya. Ule komisionere wa dola tano, ule mubebaji, bako wapi? Banakula mikate!»

Watu waliitikia. Mmoja alisema: «Faustin, ungepaswa kuwa depite.» Nilitaka kuinama kidogo, kama mbunge anayepigiwa makofi.

Mado alikuwa anageuza mikate. Hakuinua macho.

«Shati yako ya kijani,» alisema, «ile ya Jumatano, siku garderobe ilipanda kamio. Niliilowesha siku mbili. Bega ya kuume ilikuwa kavu kama ubao, ikavunjika mu mikono yangu. Nilikuuliza, ulisema ni unga.»

«Ni unga, yaya.»

«Unga haigande, Faustin.» Alitoa mkate kwenye mafuta, akauweka kwenye karatasi. «Mifuko sita, weye njo ulibeba. Uliniambia mwenyewe, ulikuwa umekunywa. Ulisema shofere alikupatia elfu tano juu ya kufunga kinywa. Na ile dola tano ya papa Vital, tulikula nayo samaki.»

Mafuta yalikuwa yanachemka. Nilitafuta mzaha. Mimi huwa nao kila mahali, hata msibani, watu wananialika kwa ajili hiyo. Niliutafuta mdomoni nikakuta mkate tu.

Mtu aliyeniita depite alisogea mwisho wa benchi.

Plamedie aliweka kikombe chini, polepole, bila kukimwaga. Hakunitukana. Alifuta mikono kwenye sketi ya shule, akasimama mbele yangu, na aliponiita aliniita kwa heshima, kama mdogo anavyomwita mtu aliyemtangulia kuzaliwa.

«Yaya Faustin, patron Muhindo anafungaka biro saa ngapi?»